Sahani ya Bati ya Buluu

Mimi ni mpishi wa shughuli, barabara ya kumi na tatu, Ngamiani.
Ukisikia biriani ya harusi fulani Makorora
iligombewa hadi ukoko, ni mkono huu.
Nimelisha mahakimu, makuli wa bandarini,
misiba ya watu mia nne,
na mwanangu Muharami
hajaonja hata tone la mchuzi wangu.

Ana miaka saba. Vyakula vyake ni vitano,
navihesabu kama tasbihi:
wali mweupe uliopoa, punje zisishikane;
muhogo wa kuchemsha, wa katikati, si wa ncha;
boflo lisilo na ganda;
maziwa, kwa kikombe kile, si kingine;
na biskuti za pakiti nyekundu. Nzima.
Iliyovunjika si biskuti.
Vyote juu ya sahani ya bati ya buluu
yenye ua lililobanduka,
wali huku, muhogo kule, na baina yao mpaka
mkali kuliko wa Horohoro.

Harufu ya bizari ninayorudi nayo
humkimbiza chumbani.
Huoga kwanza, kwa sabuni ya mche,
ndipo nimsalimu.

Washauri hawakukosekana.
Shemeji: "Mshindishe njaa, njaa haina ubishi."
Alishinda nayo, akalala nayo. Siku ya pili
midomo imekauka, anatembea ameshika ukuta,
na samaki yuko palepale na jicho lake wazi.
Njaa ndiyo iliyosalimu amri.
Jirani akaleta kombe la zafarani.
Binamu akapiga simu kutoka Dar es Salaam:
"Mwondolee ngano, mwondolee maziwa,
usonji utamtoka kama taka za nguo."
Nikakunja vidole: boflo, biskuti, maziwa.
Vitano toa vitatu.
Nikakata simu.

Nami, mjanja wa jikoni, nikasaga karoti
laini kama poda, nikaificha ndani ya wali.
Alinusa.
Akanitazama, yeye asiyetazama watu,
akanitazama mara moja, akasukuma sahani.
Siku nne hakugusa wali.
Vitano vikawa vinne, kwa mkono huuhuu
wa biriani.

Pale Bombo, Bi Eliwaza wa lishe alimpima
kilo, urefu, mkono kwa utepe,
akamvuta ukope wa chini: "Damu kidogo."
Akauliza choo. Akauliza usingizi.
Akauliza sauti ya kijiko kwenye bati,
je, inamuumiza?
Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo.
Juu ya ngano na maziwa alisema
wapo wanaojaribu, ila ushahidi ni haba,
"na wewe baba huna cha kutoa. Ongeza kwanza.
Na usimfiche kitu tena ndani ya wali.
Wali ndio rafiki yake. Umemgeuza msaliti."

Basi nikaweka chungwa la Muheza mezani.
Si sahanini. Mezani, mbali, karibu na kibiriti.
Wiki nzima tulikula watu watatu na chungwa.
Wiki ya pili limesogea; nani kalisogeza,
sikuuliza.
Nikawa namenya moja mbele yake kila jioni,
kama mtu anayejimenyea mwenyewe.
Mbegu alizichukua, akazipanga, kumi na moja,
mstari ulionyooka kuliko reli.
Siku ya arobaini na tatu aliramba.
Nikataka kupiga kelele. Mwanaidi akanifinya paja:
furaha nayo ina kelele.
Alikunja uso. Akaramba tena. Akalirudisha
pale pale kwenye kibiriti.

Si chakula cha sita. Bado.
Bi Eliwaza asiandike kitu.

Leo nimetoka Chumbageni, pilau ya watu mia mbili,
wamenisifu mpaka nikaona haya.
Hapa nyumbani nachemsha kikombe kimoja cha mchele,
naupepea kwa pepeo,
natenganisha punje kwa uma kama daktari wa macho.
Mlaji wangu hasifu. Hula tu.
Ila jana maji yalikatika, sikuoga,
nikakaa mlangoni nimenuka iliki na vitunguu,
na Muharami hakukimbia.
Alikula wali wake wote hapo hapo, mbele yangu,
mkono wa kushoto umeziba pua.